Tusimsifu Kipa kwa Matope ya Jezi Yake

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tunaifundisha madarasani mwaka baada ya mwaka, tunaitungia maswali na kuyasahihisha majibu yake, lakini pindi kipenga kinapopulizwa katika uwanja wa shule, walimu na wanafunzi kwa pamoja huisahau. Kibaya kikijitembeza langoni, sisi ndio tunaokipigia makofi.

Niliyawaza haya nilipohudhuria mechi ya kandanda ya shule mbili za sekondari katika sehemu ya majani chai, pale ambapo Kericho inapakana na Bomet. Yeyote aijuaye sehemu hiyo anafahamu jinsi asubuhi inavyoweza kuwa na jua zuri, kisha alasiri mvua ikashuka, pengine ya mawe, na kuugeuza uwanja kuwa bwawa la matope. Ndivyo ilivyokuwa siku hiyo. Timu ya wenyeji ilikuwa na makipa wawili, na kila mmoja alipewa kipindi kimoja ili mwalimu apate kuchagua atakayekwenda mashindanoni.

Wa kwanza, kijana mrefu mkimya, alimaliza kipindi chake jezi yake ikiwa karibu safi. Muda wote alikuwa akisema na mabeki wake, akiwaelekeza nani asimame wapi na nani amfuate nani. Krosi ilipopigwa, yeye alikuwa amekwisha kufika pale ulipokuwa unakwenda kuangukia mpira. Kombora lilipofyatuliwa, lilimkuta kifuani, kana kwamba mpigaji alimlenga yeye. Hakufungwa hata bao moja. Wala hakushangiliwa hata mara moja.

Wa pili alipoingia, uwanja ulichangamka. Mipira ambayo angeisogelea kwa hatua mbili na kuipokea, yeye aliingoja mpaka ikaribie kumpita, kisha akajitupa hewani, akaanguka nayo kwa kishindo na kubingirika mara mbili tatu topeni. Wanafunzi waliliimba jina lake. Alifungwa mabao mawili, na yote mawili aliyarukia vizuri sana. Siku majina ya wachezaji wa mashindano yaliposomwa, jina lililosomwa lilikuwa lake. Yule wa kwanza, kama nilivyoambiwa baadaye, aliachana na kandanda kabisa.

Simlaumu kijana aliyejitupa. Mtoto hujifunza upesi ni tendo gani linalomletea sifa, naye hulirudia. Lawama ni yetu sisi tuliokuwa kando ya uwanja, ambao tumezoea kuupima ustadi kwa wingi wa matope.

Mimi ni mtu wa isimu, na hapana shaka kila mtu huyaona mambo kwa jicho la kazi yake. Naona kwamba sehemu ya kosa hili imejificha katika lugha yenyewe. Tunapolisimulia pambano, tuna vitenzi tele vya kumpamba kipa anayeruka: anapaa, anajitupa, anadaka, ananyaka, anapangua. Je, tuna vitenzi vingapi vya kumsifia kipa aliyesimama mahali panapofaa kabla mpira haujapigwa? Tunasema tu kwamba alikuwa mahali pake, kisha tunanyamaza. Simulizi hupenda mwendo, na aliyeuzuia mwendo usihitajike hana hadithi. Waliokulia karibu na redio wanajua hili. Hata msimulizi mahiri kama hayati Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga mwezi wa Februari mwaka wa 2025, asingeweza kutuinua vitini kwa kutuambia kwamba kipa amesogea hatua moja kushoto. Hata hivyo, huenda hatua hiyo moja ndiyo iliyoliokoa lango.

Ajabu ni kwamba lugha hiyo hiyo ina hazina kubwa ya maneno ya kuikosoa tabia ninayoisema. Tuna madaha, maringo, mikogo na mbwembwe. Waliotuachia maneno haya waliijua sana tofauti ya mtu anayetenda na mtu anayetenda ili aonekane. Sisi warithi wao tunayatumia maneno hayo kuwasengenya majirani, lakini tukifika uwanjani tunayaacha langoni pamoja na tiketi.

Wasidhani wasomaji kwamba haya ni manung'uniko ya mtu mzima asiyependa furaha ya vijana. Mwaka wa 2007 watafiti wa Israeli wakiongozwa na Michael Bar-Eli walichapisha uchunguzi wa penalti 286 zilizopigwa katika mashindano makubwa ya kandanda. Waligundua kwamba makipa waliruka kushoto au kulia zaidi ya mara 9 katika kila penalti 10, ilhali zaidi ya robo ya mikwaju ilipigwa katikati. Wale wachache waliobaki katikati waliokoa takriban thuluthi moja ya mikwaju waliyopigiwa. Walioruka hawakufikia hata kiasi cha moja kwa sita. Waliosimama walikuwa wachache mno, kwa hiyo tusiyafanye matokeo hayo msahafu. Hata hivyo, maelezo waliyoyatoa watafiti hao yanafaa kutafakariwa na kila mwalimu: kipa akifungwa akiwa ameruka, watu husema amejitahidi, akifungwa akiwa amesimama, watu husema amezembea. Basi huruka. Huruka kwa sababu ya macho yetu kuliko kwa sababu ya mpira.

Historia ya mchezo huu nayo ina mafunzo yake. Katika Kombe la Dunia la mwaka wa 1990 nchini Italia, kipa wa Kolombia, René Higuita, alitoka mbali na lango lake na kutaka kumpiga chenga Roger Milla wa Kameruni. Milla alimpokonya mpira, akakimbia nao na kuutia wavuni. Kameruni ilishinda kwa mabao 2 kwa 1, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali. Sisi Waafrika tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mwaka wa 1995, katika uwanja wa Wembley, Higuita huyo huyo aliuokoa mpira ambao angeweza kuudaka kwa mikono kwa kujipindua mbele na kuupiga kwa visigino juu ya mgongo wake, mfano wa nge. Leo vijana wengi wanalijua pigo la nge. Ni wachache wanaokumbuka bao la Milla. Mbwembwe huishi muda mrefu kuliko hasara yake.

Hata katika michezo isiyochezwa sana kwetu, hali ni hiyo hiyo. Wamarekani wana mchezo wa besiboli, ambamo wachezaji wa nyuma ya uwanja hukimbilia mipira iliyopigwa juu na kuidaka kabla haijagusa ardhi. Willie Mays, mmoja wa mabingwa wakubwa wa kazi hiyo, alikiri kwamba alivaa kofia isiyomkaa sawasawa ili ipeperuke anapokimbia, kwa kuwa watazamaji walilipenda jambo hilo. Mays alikuwa na haki ya kuchezea kofia yake, kwa sababu chini ya kofia ile mlikuwa na ustadi usio na shaka. Shida huja pale chipukizi anapoiga kofia kabla ya kujifunza kukimbia.

Najua kuna watakaonipinga. Watauliza: je, kipa asiruke kamwe? La hasha. Mwaka wa 1970 nchini Mexico, Gordon Banks wa Uingereza alilivuka lango lake lote kwa haraka, akajitupa chini na kuupangua mpira wa kichwa wa Pelé, ambao wengi walikuwa wamekwisha kuuhesabu kuwa bao. Pale hapakuwa na njia nyingine. Kuruka ni silaha ya mwisho, na silaha ya mwisho haina budi kunolewa. Ninachokikataa ni kuruka kunakotokana na kosa la kusimama vibaya, au kuruka kunakotafutwa makusudi ili mikono ya watazamaji isikose kazi. Wengine watasema kwamba mchezo ni burudani, na kwamba watu huja uwanjani kuona mambo. Ni kweli. Lakini shule si jukwaa la tamasha. Ni mahali pa kujenga mazoea, na mazoea yakijengwa kombo huwa magumu kunyooshwa.

Wanafunzi wa Kericho na Bomet hawahitaji kwenda Wembley ili waelewe ninalolisema. Wazazi wao wanalitenda kila wiki. Mchumaji bora wa majani chai ni yule anayechuma majani mawili na chipukizi, bila kurarua, bila kupapia majani makavu yaliyokomaa, akarudi kwenye mstari ule ule majani yanapokuwa tayari, wala si baada ya kukomaa. Ukimtazama kwa mbali utadhani hana haraka yoyote. Jioni, kikapu chake kikifika kituoni, karani hamwulizi alivyokuwa akirusha mikono. Huyatazama majani, kisha huyapima. Mizani haimpigii mtu makofi.

Waama, jambo hili lisingenishughulisha kiasi hiki lau lingeishia uwanjani. Lakini kipa mwenye mbwembwe nimemwona pia katika karatasi za insha. Mwanafunzi anaulizwa aandike barua kwa mhariri kuhusu ubovu wa barabara za kijiji chake. Yeye huanza kwa jua lililochomoza, ndege walioimba na umande uliometameta, akapanga methali tatu kama askari wa gwaride, na anapoikumbuka barabara, nafasi na muda vimekwisha. Amejitupa vizuri sana, na bao limeingia. Kando yake ameketi msichana aliyeandika kwa sentensi fupi kwamba akina mama wajawazito hubebwa kwa machela mpaka barabara kuu kila mvua inyeshapo, na kwamba majani chai huozea kituoni kwa kuwa lori halifiki. Jezi yake ni safi. Sisi wasahihishaji tunampa alama za wastani na kuandika pembeni: ongeza mapambo.

Ninasema sisi, kwa maana nami nimetenda hivyo. Katika miaka yangu ya mwanzo ya ualimu niliwahi kuisifu insha ya namna hiyo mbele ya darasa zima. Baadaye nilimwita mwandishi wake nikamwuliza maana ya methali mojawapo aliyoitumia. Alinijibu kwa unyofu kwamba hakuijua maana yake, ila aliambiwa huleta alama. Sikuwa na la kumwambia, kwa sababu alama hizo nilikuwa nimempa mimi.

Basi napendekeza mambo mawili mepesi. Kwanza, mwalimu wa michezo anapomchagua kipa, amtazame kabla mpira haujapigwa. Alisimama wapi? Aliwaambia nini mabeki wake? Ni mashambulizi mangapi yaliyokufa kabla ya kumfikia? Kisha ayataje majibu hayo hadharani, mbele ya wachezaji wote, ili sifa ifike inakostahili. Pili, mwalimu wa lugha aulize swali hilo hilo juu ya kila pambo la insha: neno hili limewekwa hapa kuokoa jambo gani? Likikosa jibu, liondolewe, hata kama linang'aa.

Nanyi wanafunzi, msione haya kurudi kambini na jezi safi ikiwa wavu wenu haukuguswa. Huenda msisikie majina yenu yakiimbwa siku hiyo. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na tangu lini fundi aliyeziba ufa mapema akafanyiwa sherehe? Nyumba yake husimama tu, mvua ikija na kupita, na watu hulala ndani yake bila kujua walichookolewa nacho. Hiyo ndiyo kazi ya kipa. Naam, nayo ndiyo kazi ya mwalimu.