Nahodha Aliyekubali Kuongozwa

Huko Raila, Kibera, vijana wakitaja nahodha humaanisha wa kandanda. Sisi leo twamtaja wa kriketi.

Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, aliiongoza Kenya katika Kombe la Dunia la mwaka 1999, kisha akastaafu. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 39, aliitwa tena. Nahodha sasa alikuwa Steve Tikolo, aliyecheza chini yake mwaka ule wa 1999. Karim akaitikia. Kwetu sisi, kukubali kuamriwa na uliyekuwa ukimwamrisha ni sifa iliyo kubwa kuliko hotuba yoyote ya kumsifu mtu. Ni nani miongoni mwetu akina baba, au akina mama wakwe (tuseme kweli), aliwezaye hilo nyumbani mwake?

Tarehe 15 Machi, mjini Durban, akapewa mpira mbele ya Australia, mabingwa wa dunia. Aliwatoa watatu, Ricky Ponting miongoni mwao, kwa mikimbio 7 tu. Kenya ilishindwa siku hiyo, lakini mchezaji bora alichaguliwa yeye. Na Tikolo akaiingiza timu nusu fainali.