Tulicheka bure

Juma lililopita, katika saa ya fizike, mwenzetu mmoja alisimama akauliza: "Mwalimu, kama mtu hawezi kuona kitu, atajuaje kama kiko?" Darasa zima lilicheka. Mwenzetu akakaa, na tangu siku ile hainui tena mkono. Sisi tunaoandika hapa tulicheka pia. Leo tunasema wazi: tulicheka bure, sababu swali lile ndilo mzizi wa somo lenyewe.

Tulikuwa tunasoma juu ya galaksi moja inayoitwa Centaurus A. Iko upande wa kusini, mbali sana: nuru yake inatembea karibu miaka milioni 12 mbele ya kutufikia. Kwa macho tu hatuioni. Lakini inatoa mawimbi ya radio yenye nguvu. Bolton, Stanley na Slee waliyapokea kule Australia, na mu 1949 waliandika yanatoka wapi. Antena yao ilikuwa juu ya jabali kando ya bahari, na maji yakawa kama kioo cha kurudisha mawimbi. Chombo kilikuwa kidogo, swali lilikuwa kubwa.

Ndani ya kiini cha galaksi ile kuna shimo jeusi, uzito wake kama majua milioni 55. Karibu na shimo hilo mikondo miwili inaruka mbio sana, mmoja huku, mwingine kule, na huko mbali inafanya mawingu makubwa ya radio. Kama macho yetu yangeona radio, mawingu yale yangeshika mbinguni urefu wa miezi mpevu 16 iliyopangwa kwa mstari. Mu 2021 wataalamu walitoa picha ya mwanzo wa mkondo: kingo zake zinang'aa kuliko katikati.

Na gesi baridi inayozunguka kiini, inajulikanaje? Fikiri moshi mbele ya taa usiku. Moshi wenyewe huuoni, unaona tu taa imepungua nuru. Ni vile vile: kiini kinatuma radio, hidrojeni iliyo mbele yake inameza kidogo penye mawimbi ya sentimeta 21, na chombo kinaandika pengo. Pengo likisogea, tunajua gesi inatembea, inatukaribia ao inatuacha.

Basi jibu ndilo hili: hatuoni gesi, tunaona kile inachopunguza.

Wengine wanasemaka: "Ile mambo ya mbali itatusaidia nini? Itatulipia minerval?" Hapana, haitalipa. Lakini mtu aliyezoea kuuliza "unajuaje?" hadanganywi upesi na muuza dawa za uongo, wala na habari za njiani. Tena tusiseme ni kazi ya wazungu tu: kule Afrika ya Kusini, tangu 2018, antena 64 za MeerKAT zinasikiliza galaksi za namna hii.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Walimu wetu, mtu akiuliza, mnyamazishe kwanza kicheko, ndipo mjibu. Wanafunzi wenzetu, tuache kumhesabu mwenye kuuliza kuwa mjinga. Mara nyingi anauliza kile sisi wote hatukufahamu.

Na wewe ndugu yetu uliyechekwa, utusamehe. Juma lijalo inua mkono tena. Sisi tutanyamaza, tusikilize.