Ratili Milioni Moja za Oklahoma City

Tarehe 31 Desemba 2007, Mick Cornett, aliyekuwa Meya wa Oklahoma City nchini Marekani, alisimama mbele ya ndovu katika bustani ya wanyama ya mji huo akawatangazia wakazi kwamba sharti wapunguze mwili kwa jumla ya ratili milioni moja. Watu wapatao 47,000 waliitikia wakajiandikisha, na ilipofika Januari 2012 lengo lilikuwa limetimia: takriban kilo 453,000!

Je, maradhi yalikoma? Hasha! Katika jimbo la Oklahoma, ambalo mji huo ndio makao yake makuu, watu wazima wanne katika kila kumi walikuwa na unene wa kupindukia mwaka wa 2022. Kasoro ya kampeni ile ni kwamba iliutwika mzigo wote mtu binafsi, kana kwamba unene ni ulafi tu. (Mswahili, ambaye kwake kitambi kimekuwa ishara ya neema, huenda akastaajabu kwamba kule Marekani unene huwaandama zaidi wasio nacho, hasa wanawake.)

Waama, hatua yenye mashiko ilitoka katika sanduku la kura. Mnamo Desemba 2009 wapigakura wa mji huo waliidhinisha mpango wa MAPS 3: kodi ya senti moja kwa kila dola ya mauzo, ili zipatikane dola milioni 777. Miongoni mwa mambo yaliyogharimiwa ni bustani ya ekari 70, njia za waendao kwa miguu na vituo vya afya na mazoezi kwa wazee. Mji ule ulikuwa umejengwa kwa ajili ya gari. Mgonjwa aliyeshauriwa na daktari atembee kila jioni alitoka nje akakuta barabara pana isiyo na njia ya miguu; alikuwa kama aliyeamriwa kuogelea jangwani.

Na huyo daktari naye hakuwa wa kila mtu. Ni Juni 2020 ndipo wapigakura wa Oklahoma, kwa wingi mdogo mno, walipokubali kupanua Medicaid, bima ya serikali kwa maskini. Utekelezaji ulianza Julai 2021. Tangu siku ya ndovu ilikuwa imepita zaidi ya miaka 13. Muda wote huo, mwenye kisukari asiye na bima aliweza kujiandikisha, kupungua na hata kupongezwa; insulini alijinunulia mwenyewe.