Gari la umeme likivuta upande, betri yasingiziwa bure

HUKU mjadala kuhusu magari ya umeme nchini ukizunguka bei ya umeme, ushuru na vituo vya kuchajia, suala la breki limeachwa nyuma. Ilhali kwa msafiri anayeteremka Salama, Kaunti ya Makueni, au anayeifuata barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui, breki ndizo zinazoamua iwapo atafika.

Hitilafu inayotisha zaidi ni ile ya gari kuvuta upande pindi dereva anapokanyaga breki. Likivuta kulia, linaingia katika njia ya malori yanayotoka Mombasa. Likivuta kushoto, linawaendea watembeao kwa miguu na wanabodaboda walio kandoni. Katika nchi iliyopoteza watu 4,748 barabarani mwaka 2024, kwa mujibu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), hilo si jambo la kupuuzwa.

Hitilafu yenyewe si ngeni. Jipya ni jinsi gari la umeme linavyoificha. Dereva anapoondoa mguu kwenye kichapuzi, au anapokanyaga breki kidogo, mota hugeuka jenereta, ikapunguza mwendo na kurejesha umeme betrini. Pedi na diski hazifanyi kazi kubwa. Kutokana na hali hiyo, pedi hudumu muda mrefu, lakini diski hupata kutu na pini ambazo kalipa huteleza juu yake hukauka na kukwama.

Ukambani, vumbi jekundu na mchanga huzidisha tatizo hilo hasa pale vifuniko vya mpira vya pini hizo vinapopasuka. Aidha, magari mengi huingia nchini yakiwa yametumika ng'ambo, mradi hayajapita miaka minane, na huenda breki zake zilianza kukwama kabla hayajapakiwa melini.

Kasoro hiyo hujitokeza siku mbaya zaidi. Betri iliyojaa pomoni haina nafasi ya kupokea umeme zaidi, hivyo mota haiwezi kusaidia sana kupunguza mwendo. Dereva aliyetoka kuchaji na kukabili mteremko hutegemea breki za kawaida pekee. Hali ni iyo hiyo anapolazimika kusimama ghafla kwa sababu ya ng'ombe au punda barabarani. Hapo ndipo gurudumu moja hushika na jingine likakataa.

Kishawishi cha wengi ni kulaumu betri au kompyuta ya gari. Hata hivyo, uchunguzi unapaswa kuanza na mambo mepesi: upepo wa matairi, na iwapo matairi ya mbele yanalingana kwa aina na kuchakaa. Kisha gari lijaribiwe polepole mahali tambarare pasipo na watu.

Jaribio la kwanza ni kuondoa mguu tu na kuiacha mota ipunguze mwendo. Katika gari kama Nissan Leaf, mota moja huyagawia magurudumu mawili ya mbele nguvu sawa. Gari likivuta upande hata hapo, kalipa si mshukiwa wa kwanza, bali matairi, bushi zilizolegea au magurudumu yasiyonyooka. Uzito wa betri huongeza mzigo kwa sehemu hizo. Likivuta tu breki inapokanyagwa kwa nguvu, basi kasoro imo katika breki.

Gari huvuta upande ambao breki yake inashika zaidi. Kwa hivyo likivuta kulia, huenda mwenye kosa ni gurudumu la kushoto lisiloshika, na fundi anayefungua la kulia peke yake atarudi bure. Lakini gurudumu likiwa moto kupita mwenzake baada ya safari fupi, ishara ni kwamba breki yake haiachii.

Tiba mara nyingi ni ya kawaida. Pini husafishwa na kupakwa grisi inayohimili joto, vifuniko vilivyopasuka hubadilishwa, na paipu ya mpira iliyoziba ndani huondolewa. Pedi hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, kamwe si upande mmoja. Mafuta ya breki, ambayo hufyonza unyevu, nayo huhitaji kubadilishwa kwa vipindi vinavyopendekezwa na mtengenezaji.

Tahadhari ni mbili. Jeki iwekwe mahali palipoelekezwa kwa kuwa betri imetandazwa chini ya sakafu. Nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba mamia ya volti, zisiguswe na asiyefunzwa.

Hapa ndipo sera inapopungukiwa. Sheria ya Fedha ya 2019 ilipunguza ushuru wa magari yanayotumia umeme pekee kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwaka 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) iliidhinisha bei maalum ya kuchaji ya Sh16 kwa uniti, na Sh8 saa ambazo matumizi ni madogo. Hatua hizo humsaidia mnunuzi. Hazimsaidii fundi wa jua kali wa Emali au Mwingi atakayeletewa gari hilo.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Kitui na Makueni basi hazina haja ya kungojea Nairobi ili kuwafunza vijana jinsi ya kulifungua gari la umeme salama na kupima breki zake. Fundi wa kawaida tayari anaijua kalipa. Anachokosa ni kujua lini mota inaificha kasoro, na wapi asitie mkono. Kumfunza hayo ni gharama ndogo ikilinganishwa na ajali moja tu katika miteremko ya Salama.