Utulivu wa chumba cha kujifungulia
Uchungu wa kuzaa huendeshwa na homoni ya oksitosini, na hofu inaweza kuudumaza. Ndiyo maana pazia, mwanga hafifu na lugha ya upole ni sehemu ya huduma, si anasa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unapendekeza mama asiye na dalili za hatari awe na mtu wa karibu amtakaye, atembee, achague mkao, ale na anywe. Kukandwa mgongo hupunguza maumivu. Wakati huohuo mkunga husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila dakika 15 hadi 30, na kila dakika 5 mama anaposukuma. Mtoto akizaliwa salama, hulazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa saa nzima.