Tuombe Mvua, Lakini Tuulize na Habari za Bomba



Mwisho wa mwaka 2022, kabla hatujaanza masomo ya falsafa, baadhi yetu tulikuwa tukiishi parokiani jijini Dar es Salaam. Wasomaji wa jiji hilo hawajasahau siku zile. Mto Ruvu ulipungua, mgao wa maji ukatangazwa mwishoni mwa Oktoba, na mtaani kwetu dumu la lita 20 likawa linauzwa kwa bei ambayo mama lishe alilazimika kuifikiria mara mbili. Vijana wa mikokoteni walipita alfajiri, na kabla jua halijawa kali maji yao yalikuwa yamekwisha.

Kila Jumapili tuliomba mvua katika sala za waamini. Baada ya Misa akina mama walibaki kwenye foleni ya kisima cha parokia, wengine wakiwa bado na sare zao za WAWATA, madumu ya njano yamepangwa mpaka getini. Sisi tuliingia ndani. Nyumba ya mapadre ilikuwa na matanki mawili makubwa yaliyojazwa kutoka kisima hichohicho. Tulioga, tukafua, tukanywa chai. Hakuna aliyetukataza, na hatukujiuliza.

Siku moja mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya dumu lake alituita mafrateri, ingawa hata kanzu tulikuwa hatujavaa. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akasema kwa upole: "Wanangu, tutafanyaje? Ni mapenzi ya Mungu." Tukamjibu, "Ndiyo, babu. Tuzidi kusali." Tukaenda zetu.

Tumeyafikiria majibu yale mara nyingi, na leo tunakiri kwamba tulimjibu vibaya mzee yule. Kusali ni wajibu wetu, tena wa kwanza. Kosa letu ni kwamba tulimbebesha Mungu mzigo ambao sehemu yake kubwa ni ya wanadamu.

Darasani tumejifunza kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba Mungu ni sababu ya kwanza ya vyote vilivyopo, lakini huviongoza viumbe vyake kwa kupitia sababu za pili. Jua linapasha joto kweli, mkulima analima kweli, fundi anafunga bomba kweli. Mungu amewapa viumbe heshima ya kuwa sababu, na mwanadamu, kwa kuwa ana akili na utashi, anawajibika kwa anachofanya na kwa anachoacha kufanya. Kwa hiyo mtu akiuliza kwa nini bomba ni kavu, jibu la "Mungu amependa" linaruka ngazi zote zilizo katikati. Na katika ngazi hizo ndimo wamo wahandisi, mawaziri, madiwani, wateja wa maji, na sisi wenyewe.

Hebu tuzipitie ngazi hizo kwa ukweli. Ukame wa 2022 ulikuwa wa kweli. Hakuna mtumishi wa serikali aliyezuia mawingu. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, inayolisha sehemu kubwa ya Dar es Salaam, ilikuwa na uwezo wa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku. Mto uliposhuka, uzalishaji ukaanguka hadi karibu lita milioni 300. Lakini kwa nini mto ukishuka kwa miezi michache jiji zima linalia? Kwa sababu mitambo hiyo huchota maji moja kwa moja mtoni. Hapakuwa na bwawa la kuhifadhi maji ya masika yatumike wakati wa kiangazi. Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, lilizungumzwa kwa miongo mingi. Mkataba wa kulijenga ulitiwa saini Novemba 2022, watu wakiwa tayari kwenye foleni. Kutonyesha kwa mvua hakukuwa mikononi mwa mtu. Kuchelewa kwa bwawa kulikuwa mikononi mwa watu.

Tuendelee. Mtambo wa Ruvu Chini ulijengwa mwaka 1976. Sensa ya 1978 ilihesabu watu wasiofika 850,000 Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Ni haki kusema kwamba mitambo yote miwili imepanuliwa katika miaka ya karibuni, na visima virefu vya Kigamboni vikaanza kusaidia katikati ya shida ileile. Waliofanya kazi hiyo tuwashukuru. Lakini mtoto akizaliwa leo, familia inajua kwamba baada ya miaka michache atahitaji dawati. Jiji nalo halikukua usiku mmoja. Liliongezeka mbele ya macho yetu, sensa baada ya sensa.

Halafu kuna maji yanayozalishwa, yakasafishwa kwa dawa na umeme wa gharama, kisha yasimfikie mtu, au yamfikie bila kulipiwa. Nchini kwetu takriban theluthi moja ya maji ya mamlaka za mijini hupotea kwa mabomba chakavu, mivujo, mita mbovu na wizi, wakati kiwango ambacho EWURA inakiona kinavumilika ni asilimia 20. Yaani katika kila ndoo tatu, moja haina mwenyewe. Hasara hiyo haisubiri ukame. Iko mwaka mzima, hata mvua ikinyesha mpaka barabara zifurike.

Na majina yamebadilika sana. Mwaka 2003 huduma ya maji Dar es Salaam ilikabidhiwa kwa kampuni binafsi, City Water. Mwaka 2005 serikali ikavunja mkataba huo na DAWASCO ikashika kazi. Mwaka 2018 DAWASCO ikaunganishwa na DAWASA. Kila mara mwananchi aliona jina jipya kwenye bili yake. Jina likibadilika na bomba likabaki lilelile, swali linabaki palepale: nani anayewajibika, na kwa nani?

Maandiko Matakatifu hayako kimya juu ya jambo hili. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, wakati wa ukame mkubwa wa siku za Eliya, mfalme Ahabu anagawana nchi na msimamizi wake Obadia kutafuta chemchemi na majani. Ukisoma vizuri utaona anachokitafutia: farasi na nyumbu wake wasife. Watu hawatajwi. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, Hezekia anapofikia mwisho wa maisha yake, mwandishi anakumbuka kwamba alitengeneza bwawa na mfereji, akaleta maji mjini. Jambo la mabomba limepata nafasi katika Biblia pamoja na ushujaa wa mfalme! Viongozi wetu wachague watakumbukwa pamoja na nani.

Kuna watakaosema, "Mafrateri, hiyo ni siasa. Rudini kwenye vitabu vyenu." Tunawaheshimu, lakini tunaomba tofauti ionekane. Kumpigia debe mgombea au chama si kazi ya padre wala ya anayejiandaa kuwa padre. Kuuliza kwa nini mama mjamzito anabeba maji saa kumi usiku ni suala la manufaa ya wote. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu, kwa sababu bila maji hakuna uhai. Kama ni haki, basi yupo anayedaiwa.

Wengine watasema wananchi nao wana makosa. Ni kweli, na hatutaki kulificha hilo. Wapo wanaojiunganishia maji kinyemela, wanaolima mpaka ukingoni mwa mto, wanaochepusha maji huko juu. Na tupo sisi. Hapa seminarini bomba la bafuni lilivuja kwa wiki nzima. Kila mmoja wetu alilipita akienda kwenye sala ya asubuhi akidhani mwenzake ameshatoa taarifa. Siku tuliyolitengeneza ilichukua dakika kumi na mpira mmoja wa koki. Uwajibikaji ni wa pande zote, ila hauna uzito sawa: anayeshika ufunguo wa mtambo anadaiwa zaidi ya anayeshika ndoo.

Tufanye nini basi? Tunapendekeza mambo matatu, yote ndani ya uwezo wa parokia yoyote ya mjini.

Kwanza, Jumuiya Ndogo Ndogo ziandike. Daftari moja tu: maji yalitoka siku gani, saa ngapi, bomba gani linavuja, taarifa ilitolewa lini, lilitengenezwa lini. Mwananchi mwenye malalamiko matupu hutulizwa kwa ahadi. Mwenye daftari ni vigumu kumtuliza hivyo.

Pili, walei waende na daftari hilo kwenye mkutano wa mtaa na kwa diwani, bila matusi wala kelele, waulize maswali yenye jibu: ratiba ya mgao iko wapi, fedha za ukarabati zilizotengwa zimefanya nini, kazi itakwisha lini. Lipo pia baraza la watumiaji wa huduma za nishati na maji, lililowekwa kisheria kuwasemea wateja. Tulitumie.

Tatu, nyumba zetu za kitawa, parokia na seminari zenye visima ziwe za kwanza kuishi kwa mgao wakati wa mgao. Tukioga kwa ndoo moja kama jirani zetu, maswali yetu kwa wakubwa yatakuwa na uzito, na foleni ya getini itakuwa fupi.

Kiangazi kitarudi. Tutapiga magoti tena tuombe mvua, na tutaomba kwa imani. Lakini tukikutana tena na mzee yule juu ya dumu lake, tunajua tutakavyomjibu. Tutamwambia: "Babu, mapenzi ya Mungu ni kwamba unywe maji. Tusali, kisha twende pamoja tukaulize." Na kabla ya hayo yote, tutampokea dumu lake.