Ada ya Mshairi na Mgao wa Duara



Limezuka swali katika makundi sogozi ya washairi wa huku kwetu, Shinyanga na Geita: je, ni halali kumtoza ada mtu anayetaka kujifunza ushairi? Wapo wanaojibu kwamba ushairi ni kipaji, na kipaji hakiuzwi. Wapo pia wanaotoza bila kueleza wanatoza kwa ajili ya nini. Mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, naona ada ni halali, ila kwa sharti moja: kila anayelipa ajue shilingi yake imenunua nini na imeishia mikononi mwa nani.

Kuingia katika umoja na kubeba wajibu wake si jambo lililoletwa na simu. UKUTA, yaani chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi, kilianzishwa mwaka 1959 kikiwa na wanachama na viongozi. Jina lake limo katika vitabu vya Mathias Mnyampala, Ngonjera za UKUTA, vilivyochapishwa mwaka 1970 na 1971, baada ya mwandishi kufariki. Usukumani nako, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vina historia ndefu kuliko redio. Anayeingia humo hukubali miiko na mafunzo ya upande wake, na manju hujulikana kwa kazi yake uwanjani.

Kazi ya kufundisha ushairi nayo ina uzito wake. Chukueni shairi la tarbia lenye beti saba, kila mshororo mizani kumi na sita. Hiyo ni mishororo 28 na mizani 448. Anayelisahihisha kwa haki huipitia mizani yote, akakagua vina vya kati na vya mwisho, kisha akamweleza mtunzi kwa upole kwa nini ubeti wa tatu umechechemea. Mwalimu akiletewa mashairi kumi kwa wiki, na bando akajinunulia mwenyewe, atafanya hivyo kwa mapenzi mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili atajibu kwa kidole gumba. Siku atakaponyamaza, kundi litabaki uwanja wa salamu za asubuhi na taarifa za misiba.

Hata hivyo, nimeona pia ada inavyoweza kuharibu. Katika kundi moja nililowahi kujiunga nalo, waliolipa walisifiwa na wasiolipa walisahihishwa. Baada ya mwezi mmoja wenye kulipa walipewa vyeti vya umalenga, ilhali mashairi yao yalikuwa yangali na upungufu wa mizani. Wale wasio na fedha ndio waliojifunza. Mtu akishazoea kununua sifa, atamchukia yeyote atakayemwonesha kosa, na hapo elimu ya arudhi huwa imekwisha.

Mfano wa kuturekebisha tunao karibu. Aliyekaa Nyarugusu au Rwamgasa anajua duara la dhahabu linavyoendeshwa. Yupo mwenye leseni, yupo mwenye duara anayegharimia kazi, na wapo wachimbaji wanaoshuka. Mawe yakipanda, viroba hugawanywa kwa mafungu yaliyokubaliwa kabla kazi haijaanza. Ugomvi haukosekani, lakini mchimbaji anayejua kazi yake hashuki bila kujua fungu lake. Iweje washairi, tunaojisifu kwa kupanga maneno, tushindwe kupanga mgao?

Tufanye hesabu ya mfano. Wanachama 60 wakitoa shilingi 2,000 kila mwezi, zinapatikana 120,000. Nusu, yaani 60,000, wapewe wanaosahihisha na kuendesha darasa la kila wiki. Shilingi 30,000 ziende kwenye bando na matumizi ya kundi, na 30,000 ziwekwe akiba ya kuchapa diwani. Kwa mwaka akiba hiyo hufika 360,000, mwanzo mzuri wa kijitabu. Fedha zisikae katika simu ya mtu mmoja, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani. Ziwekwe katika akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi.

Tukumbuke pia kwamba fedha za huku hazina kalenda moja. Mwalimu hupata mshahara mwisho wa mwezi. Mkulima wa pamba wa Kishapu hushika fedha msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei. Mchimbaji hushika fedha siku dhahabu inapoonekana, na yaweza kupita miezi isionekane. Kumwondoa kijana wa mgodini kwa sababu tarehe tano imempita ni kumfukuza mtu ambaye huenda ndiye mwenye jambo jipya la kutunga. Mwenye msimu aachwe alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Masomo ya msingi ya arudhi na baraza la kusomeana mashairi yabaki bure kwa wote. Ada inunue usahihishaji na darasa. Nafasi katika diwani isiuzwe kabisa, ipatikane kwa ubora.

Tena, kulipa ada si kukabidhi shairi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi. Msimamizi anayetaka kuchapa tungo za wanachama aombe ridhaa ya maandishi, na aseme mapema mauzo yatagawanywaje.

Najua wapo watakaosema kwamba nageuza fani kuwa biashara. Nawajibu kwamba biashara tayari ipo, nayo inafanyika gizani. Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wote: kabla ya kupokea ada ya mwezi ujao, bandikeni kundini mistari mitatu. Tunatoa huduma gani? Nani analipwa, kiasi gani? Hesabu inasomwa lini? Kundi lisiloweza kuandika mistari hiyo lisipokee hata shilingi. Lile litakaloiandika, mimi mstaafu wa pensheni ndogo nitakuwa wa kwanza kulipa.